Hatua Sabini za Nani?

Leo siandiki habari za viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naandika habari za watoto wa darasa la tatu, kamba, na neno moja la hisabati ambalo wengi wetu tuliliacha shuleni pamoja na sare: mzingo. Najua mtu ataniuliza, "Bwana shamba, hayo yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na soko la maharage?" Yanatuhusu sana. Soma hadi mwisho, halafu nenda kapime shamba lako, ndipo uje tubishane.

Ilianza hivi. Msimu uliopita, mvua za kwanza zilipotulia na mahindi kwenye shamba darasa langu yamefika magotini, alinifuata mwalimu wa shule moja ya msingi hapa Kagerankanda. Alikuja kuazima tepu yangu ya kupimia, ile ya mita 50. Akaniambia watoto wake wanajua kuimba kwamba mzingo wa mstatili ni jumla ya pande zote, lakini ukiwapa mchoro ubaoni wenye urefu sentimita 25 na upana sentimita 15, zaidi ya nusu ya darasa wanakuandikia 40. Wanajumlisha namba mbili walizoziona zimeandikwa. Zile pande mbili nyingine kwao hazipo, kwa sababu hakuna aliyeziandikia namba.

Nikamwambia, "Mwalimu, tepu nakupa, lakini kwa nini usiwalete hapa? Hili si linaitwa shamba darasa?" Tangu niweke kile kibao, sikuwahi kuona darasa la kweli likiingia pale. Tukakubaliana asubuhi ya siku moja, kabla jua halijawa kali.

Kibao changu kimeandikwa: MAHINDI, EKARI 1. Nilikiandika mwenyewe, na ekari ile niliipima mwenyewe kwa hatua 70 kwa 70, kama wanavyopima watu wote huku kwetu, Kasulu mpaka Kibondo. Heka moja ni hatua sabini kwa sabini. Nani hajui?

Mwalimu akawaambia watoto waanze kupima kwa hatua. Upande mmoja tu wa shamba, kutoka mkonge wa kona mpaka mkonge wa kona. Mmoja akarudi na 91. Mwingine 104. Kuna kijana mmoja mrefu kuliko wenzake akasema 79. Wakaanza kubishana, kila mmoja akidai mwenzake kadanganya. Nami nikacheka, nikasema, "Nyie bado wadogo, ngojeni niwaonyeshe." Nikapima kwa hatua zangu za kiutu uzima: 70 kamili.

Ndipo mwalimu akakunjua tepu. Mita 58. Tukapima upande wa pili: mita 57.

Vijana, fanyeni hesabu na mimi. Mita 58 mara 57 ni mita za mraba 3,306. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo "ekari" yangu ya mfano, niliyowaleta wengi wenu kuiona, ilikuwa ekari 0.82. Hata robo tatu na kidogo tu! Watoto walikuwa wamenizunguka, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta pa kuangalia.

Halafu binti mmoja mdogo, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akauliza swali ambalo limenikosesha usingizi. Alisema, "Shikamoo Bwana shamba. Mama akienda kibarua anapimiwa hatua ishirini kwa ishirini. Zinakuwa hatua za nani?"

Hatua sabini zilitoka wapi

Kwanza niwape haki wazee wetu. Hatua 70 kwa 70 si uzushi. Ekari ni kipimo cha Waingereza, na kwao ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Yadi 70 mara yadi 70 ni 4,900. Tofauti ni ndogo sana. Yaani aliyetufundisha hatua sabini alikuwa na maana ya yadi sabini, na yadi moja ni karibu sentimita 91. Ukipiga hatua 70 za sentimita 91 unapata kama mita 64 kila upande, na hapo umeipata ekari yako vizuri kabisa.

Shida ni kwamba yadi imeondoka, hatua imebaki. Hatua yangu mimi ni sentimita 82 au 83 hivi, na nikipanda mlima inapungua. Milima yetu mnaijua. Mtu mfupi hatua yake inaweza kuwa sentimita 75. Hatua 70 za sentimita 75 ni mita 52 na nusu, na shamba lake la "heka moja" litakuwa na mita za mraba kama 2,756, yaani chini ya ekari 0.7.

Halafu kuna kundi la pili, nalo ni vijana wasomi. Hawa wameshika tepu, lakini wamesikia "sabini kwa sabini", basi wanapima mita 70 kwa mita 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, ambayo ni ekari 1.21. Na kuna kundi la tatu linalosema "heka" likiwa na maana ya ekari, wakati karani anaandika hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Herufi moja tu, na fomu yako imeharibika.

Sasa tazama mfuko wa mbolea. Mimi nawashauri mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda. Wewe wa mita 70 kwa 70 ukiweka mfuko mmoja, umeweka kama kilo 41 kwa ekari. Jirani yako mwenye ekari 0.82 kaweka kilo 61. Baada ya miezi miwili mnasimama barabarani mnalinganisha mahindi, na unasema mbolea uliyouziwa ni feki. Labda ni feki kweli, sikatai. Lakini umepima?

Mbegu nayo ni hivyohivyo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari kamili inachukua karibu mashimo 18,000. Shamba la mita 70 kwa 70 linachukua karibu 21,800. Mashimo zaidi ya 3,700 hayakuwa kwenye bajeti yako. Ndiyo maana kila mwaka kuna mtu ananipigia simu kwamba mbegu imeisha kabla ya shamba.

Na tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023, mkulima anajiandikisha na kutaja ukubwa wa shamba lake. Ukubwa upi? Wa hatua za nani?

Mzingo si eneo

Baada ya aibu yangu, mwalimu aliendelea na somo lake la mzingo, na hapo nilijifunza jambo la pili. Alichukua kamba ya mita 28, akaifunga ncha zake, akawapa watoto wanne washike kona. "Tengenezeni shamba." Wakatengeneza la mita 7 kwa 7. "Sasa vuteni, tengenezeni jingine." Wakapata mita 10 kwa 4. "Jingine." Mita 12 kwa 2.

Kamba ni ileile. Mzingo haukubadilika hata sentimita moja, ni mita 28 tu. Lakini alikuwa na fremu ya fito yenye mita moja kila upande, na watoto wakawa wanaipanga na kuihesabu ndani ya kila shamba. La kwanza fremu 49. La pili 40. La tatu 24. Watoto wakashangaa. Mmoja akasema shamba limeibiwa.

Kweli limeibiwa! Na sisi wakulima wa biashara tunaibiwa hivyohivyo tukikodi mashamba. Mtu anakuzungusha shamba lake, mnatembea mpaka mnachoka, unajisemea "hili ni kubwa". Shamba la hatua 70 kwa 70 lina mzingo wa hatua 280. Shamba la hatua 105 kwa 35, lile refu jembamba lililobanwa kati ya barabara na bonde, nalo lina mzingo wa hatua 280. Umetembea sawasawa. Lakini la kwanza ni ekari moja na la pili ni robo tatu ya ekari, hata kama hatua ni zile sahihi za yadi. Umelipa kodi ya heka moja, umelima robo tatu, na mwisho wa msimu unasema kilimo hakilipi.

Mzingo nao una kazi yake. Ukitaka kuzungushia seng'enge, mzingo ndio unaokuambia ununue kiasi gani. Bustani ya mita 30 kwa 20 ina mzingo wa mita 100. Ukitaka nyuzi nne, ni mita 400. Yule mtoto anayejumlisha namba mbili tu angenunua nusu. Msicheke, kuna mtu mzima mwenye simu kubwa aliyefanya hivyo hapa kwetu, akarudi mjini mara ya pili kwa nauli yake.

Na nguzo? Kila mita mbili nguzo moja, mzingo wa mita 100 unataka nguzo 50. Lakini ukijenga mstari ulionyooka wa mita 10, kila mita mbili nguzo, unataka nguzo 6 na si 5, kwa sababu mstari una mwanzo na mwisho, wakati mzunguko unarudi ulipoanzia. Watoto wa darasa la tatu waliligundua hili kwa kusimama wenyewe kama nguzo. Mimi nimesomea kilimo na sikumbuki kufundishwa hivyo.

Turudi kwa mama wa yule binti

Swali lake halikuniacha. Jioni ile nilikwenda kwa kijana mmoja ambaye naye anasoma makala hizi. Simtaji, lakini akisoma atajijua, na tumeshayamaliza. Ana ekari kadhaa za mahindi na maharage, na wakati wa palizi anaita vibarua kwa kipande: hatua 20 kwa 20, bei imekubaliwa. Anayepima ni msimamizi wake, mtu mrefu, mwenye haraka.

Tukapima vipande vitatu vilivyokuwa vimekatwa siku ile. Kila kimoja kilikaribia mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Kwa hatua za kawaida kama zangu, kipande cha 20 kwa 20 ni mita 16 na nusu kila upande, karibu mita za mraba 272. Mama yule na wenzake walikuwa wanapalilia karibu mara moja na nusu ya walichokubaliana. Anayelipwa vipande viwili, amelima karibu vitatu. Cha tatu amemlimia bosi bure, bila mtu yeyote kumwambia.

Kijana akaniambia, "Kaka, mimi sikumtuma aibe. Nilisema hatua ishirini, kapima hatua ishirini." Ni kweli, sikuona nia mbaya. Lakini angalia jambo hili. Sisi wote tunalalamika lumbesa. Mnunuzi akija na gunia lake, akalijaza, akalishonea kofia juu, akalipa bei ya gunia moja, tunapiga kelele kwamba sheria ya vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo wako wapi. Tuna haki ya kupiga kelele. Sasa hatua ya mita moja kwenye kipande cha mtu aliyezoea hatua ya sentimita 82 ni nini? Ni lumbesa, ila hii tunamfungashia kibarua wetu.

Tukakata kamba ya mita 17. Ikafungwa mafundo kwenye ncha mbili, ikatundikwa kwenye mwembe. Kipande sasa ni kamba moja kwa kamba moja, na kibarua yeyote anaruhusiwa kuishika. Sitawaficha: gharama ya palizi ya kijana huyu imepanda. Zamani ekari moja ilimtoka vipande kumi, sasa inatoka vipande 14. Si raha. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza anajua palizi ya ekari moja ni vipande 14 kamili, si "kama kumi hivi". Bajeti yake ina namba ya kweli. Na ugomvi wa kila jioni, wa "kipande changu kirefu kuliko cha fulani", umekwisha.

Kwa nini watoto, kwa nini wadogo

Mtu atasema, "Sawa, tumeelewa, tutapima. Watoto waachie walimu." Hapa ndipo msimamo wangu wa leo ulipo: naona sisi wakulima wa biashara tuna deni kwenye somo hili, na tulilipe shambani.

Sababu ya kwanza ni kwamba somo la vipimo haliingii kwa ubao peke yake. Nimeona kwa macho yangu. Mtoto anaweka rula akianzia kwenye 1 badala ya 0, na hakuna anayemwona kwa sababu darasa limejaa. Mtoto anapima dawati kwa shubiri, anaacha nafasi kati ya shubiri na shubiri, anapata jibu lake. Mtoto anahesabu mambo badala ya kuhesabu nafasi zilizo kati ya mambo. Makosa haya hayaonekani kwenye daftari. Yanaonekana mtoto akiwa ameshika kamba. Na shule nyingi hazina kamba wala tepu wala uwanja uliopimwa. Wewe unavyo vyote.

Sababu ya pili: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka minane au tisa bado anauliza "hatua za nani?" bila aibu. Mtu mzima haulizi. Mtu mzima anasema "sabini kwa sabini" kwa sababu baba yake alisema. Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka, na sikuuliza mpaka nilipoulizwa na mtoto.

Sababu ya tatu ni ya kwetu hasa. Kagerankanda tumepakana na Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini, na habari ya wapi msitu unaishia na wapi shamba linaanzia tumeisikia tangu tukiwa wadogo. Tumeona mtu akilima kwa nguvu msimu mzima halafu anaambiwa umevuka. Na huko vijijini, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake. Siku ya kupimiwa, unatembea mpaka wako pamoja na majirani, kona kwa kona. Huo ndio mzingo! Mtoto aliyejifunza mzingo kwa miguu yake ataelewa kinachoandikwa siku ile. Asiyejifunza atasaini tu. Mjane mwenye mtoto anayejua kupima hawezi kusogezewa mikonge kirahisi.

Najua pia kuna watakaosema simu siku hizi zinapima shamba zenyewe, unazunguka tu na programu inakupa ekari. Zinasaidia kwenye shamba kubwa. Lakini simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa kwenye kila kona. Kwenye shamba la ekari 20 hiyo si kitu. Kwenye robo ekari ya nyanya ni hasara, na kwenye kipande cha mita 17 haina maana kabisa. Na hata ikikupa namba, lazima ujue namba hiyo ni ya mzingo au ya eneo.

Jambo moja nataka lieleweke vizuri. Siwaiti watoto waje kuwalimia. Wengine wetu tunakumbuka shamba la shule lilivyokuwa: Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya kujifunza, lakini sehemu nyingi likaishia kuwa jembe tu, tena jembe la adhabu. Mtoto akija kwako kupima, apime, ale muhindi wa kuchoma, arudi darasani. Ukimpa jembe, umeharibu somo na umevunja uaminifu wa mwalimu.

Cha kufanya, hatua kwa hatua

Nimezungumza na yule mwalimu, na hivi ndivyo tunavyofanya sasa. Mnaweza kuiga.

Moja. Tengeneza kamba ya mita 10 na uipe shule iliyo karibu nawe. Weka alama ya rangi kila mita, na alama nyingine kwenye nusu. Tumia kamba isiyovutika sana. Ile ya nailoni laini ukiivuta inarefuka, na ya katani ikilowa inajikunja, kwa hiyo ilinganishe na tepu mara kwa mara. Ongeza na fito nne zilizonyooka za mita moja moja. Gharama yake ni ndogo kuliko vocha unazoweka kwa wiki.

Mbili. Zungumza na mwalimu mkuu, uruhusu asubuhi moja kwa muhula kwenye kona ya shamba lako. Chagua wakati ambao hujapuliza dawa. Hili nalirudia: usilete watoto kwenye shamba lililopuliziwa karibuni.

Tatu. Mwache mwalimu afundishe. Mpango wake ni mwepesi. Watoto wapime kwanza kwa miili yao: shubiri, mkono, hatua. Wabishane. Halafu wapime kwa kijiti kimoja wote, waone majibu yanavyofanana. Kisha mita. Kisha wazunguke mpaka kwa miguu wakihesabu kwa sauti pande zote nne, wasiruke hata moja. Mwisho ile kamba iliyofungwa, mashamba matatu, mzingo mmoja. Kama wako wakubwa kidogo, waonyeshe na ile ya mafundi ya tatu, nne, tano ya kunyoosha kona: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na ikiwa mshazari ni mita 5, kona yako imekaa sawa. Kona ikiinama, shamba linapungua hata kama pande zote nne ziko vilevile.

Nne. Pima shamba lako mwenyewe, kabla watoto hawajakupimia. Andika mita, si hatua. Pima hatua yako nayo: tembea mita 50 za tepu kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua, gawanya. Ukipata hatua 60, hatua yako ni sentimita 83, na upande wa ekari moja ya mraba, ambao ni mita 63.6, kwako ni kama hatua 76. Andika namba hiyo nyuma ya mlango.

Tano. Tundika kamba ya kipande mahali kila kibarua anapoiona na anaweza kuishika.

Mimi nimeshaanza. Kibao changu nimekipaka rangi upya. Sasa kinasomeka: MAHINDI, MITA 58 KWA 57, EKARI 0.82. Mavuno ya msimu ule yalikuwa magunia 16, ambayo nilikuwa tayari kuyaripoti kama magunia 16 kwa ekari. Kumbe ni karibu magunia 20 kwa ekari. Nilikuwa najipunja mwenyewe, na kuwapunja ninyi mlioniamini na kulinganisha mashamba yenu na langu. Naomba radhi kwa hilo.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba nacho lazima kiwe kibaba, kisiwe kikombe cha kila mtu. Yule binti mwalimu kampa kazi: ndiye mtunza kamba wa darasa lake. Nilipomwona wiki iliyopita aliniambia wamepima uwanja wa mpira wa shule, mzingo wameupata, na upande mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa mita tatu. Sasa wanabishana nani alihamisha goli.

Palizi njema. Ukipima shamba lako na ukakuta si ekari uliyodhani, usione aibu, niambie tukutane. Nitakuja na tepu, siyo na miguu.